Nimegota kyu ya 11 kwenye Go. Nakosea wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nilijifunza Go kwenye simu mwaka mmoja na miezi minne iliyopita. Nilipanda haraka mpaka kyu ya 11, halafu nikagota. Huu ni mwezi wa saba niko hapo hapo. Nacheza mechi tano sita kila usiku, za dakika tano tano. Natazama video za uchambuzi, nimekariri joseki (mifuatano ya kete iliyozoeleka kwenye pembe) kama arobaini. Nashuka mpaka 13, narudi 11, basi. Babu yangu alikuwa bingwa wa bao mtaani kwetu na mimi mwenyewe bao silitupi, kwa hiyo nilidhani kichwa cha michezo ninacho. Nimekuambatishia mechi niliyoshindwa jana kwa pointi 19.5. Nilikuwa Mweupe. Nakosea wapi? Msomaji, Tanga.

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Mechi yako sikuitazama kwenye skrini tu. Niliipanga yote juu ya ubao, kete kwa kete, mpaka ya mwisho, na nikairudia mara ya pili chai ikiwa imeshapoa. Nikuambie mapema, upungufu wako si wa maarifa. Mambo unayoyajua yanamtosha mchezaji wa kyu ya 6. Shida yako ni kwamba unaona kete yako tu. Ya mwenzako huioni mpaka ameshaiweka.

Kwa wasomaji wengine ambao mchezo huu ni mgeni kwao: Go ni mchezo wa ubao wa watu wawili, Mweusi na Mweupe, wanaoweka kete kwa zamu kuzingira eneo na kula kete zilizozingirwa. Daraja zake huanza kyu ya 30 kwa anayejifunza, hushuka hadi kyu ya 1, kisha huanza dan ya 1 na kupanda. Tofauti ya daraja moja ni takriban kete moja ya nyongeza anayopewa aliye dhaifu kabla mechi haijaanza. Kyu ya 11 basi ni mtu anayejua sheria vizuri, anajua maumbo, anamfunga kila jirani yake, na bado anapoteza makundi makubwa kama mtu anayesahau funguo mezani.

Turudi kwenye mechi yako, kete ya 72. Upande wa kulia ulikuwa na kundi la kete 14, limezingirwa pande zote, na ndani yake kuna nafasi tatu zilizopangana mstari mmoja. Mweusi kwa kete yake ya 71 ndiyo kwanza amefunga mlango wa mwisho. Zamu ni yako. Ukienda katikati ya zile tatu unapata macho mawili (nafasi mbili tupu za ndani ambazo adui hawezi kuzijaza), kundi liko hai milele. Akienda yeye katikati, umekufa. Wewe ukaenda pembe ya chini kushoto kumalizia joseki uliyoikariri, ukapata labda pointi kumi. Kete ya 73 ikaangukia katikati, na kwaheri. Kete 14 zilizokufa ni pointi mbili kila moja, moja ya kete yenyewe na moja ya nafasi iliyoiacha, jumla 28. Ongeza zile nafasi tatu za ndani, 31. Umeshindwa kwa 19.5. Hata nikimwachia Mweusi ile pembe, mechi ilikuwa yako, japo kwa pembamba.

Sasa niambie kweli: umbo la nafasi tatu mstari mmoja hulijui? Ningekuonyesha kama fumbo ungelijibu kwa sekunde mbili. Unalijua sana. Lakini kwenye fumbo mtu amekwisha kukuambia kwamba kuna kitu hapo. Kwenye mechi hakuna anayekuambia. Ndiyo maana kuongeza joseki nyingine arobaini hakutakusaidia kitu.

Mimi mchezo huu niliujulia Japani, nikiwa mwanafunzi, kwenye klabu ya wazee iliyokuwa ghorofa ya pili juu ya duka la tambi. Nilikuwa na mkono mwepesi kama wako. Mzee aliyekuwa akinifundisha hakunieleza nadharia yoyote kwa wiki kadhaa. Alichofanya ni hiki: kila nilipopeleka vidole kwenye bakuli la kete kabla hajatoa mkono wake ubaoni, alilifunika bakuli langu kwa kiganja chake. Halafu alinionyesha kwa kidole kete aliyoweka, akasubiri. Ilinichukua muda kuelewa anachosubiri. Alikuwa anataka niseme kete ile inatishia nini. Nikishasema, aliondoa kiganja.

Hiyo ndiyo dawa ya kwanza, na haina gharama. Kila mwenzako akiweka kete, kabla hujafikiria mpango wako, jiulize: nikipita zamu hii nisiweke kitu, yeye ataweka wapi tena, na nitapata hasara gani? Ukipata jibu kubwa, shughulikia. Ukikuta hakuna, una uhuru. Wajapani wana neno la uhuru huo, sente, na naomba usicheke, si ile sente ya Kampala, ingawa mwisho wa mechi inahesabika karibu vilevile. Maana yake zamu ya kuamua pa kucheza iko mkononi mwako. Swali la pili huja wakati umeshachagua pa kuweka: nikiweka hapa, atajibu wapi? Taja nafasi moja hasa, siyo "atajitetea huko huko". Ukishindwa kuitaja, usiweke.

Na hapa babu yako anaingia. Mchezaji wa bao hagusi kete kabla hajajua ya mwisho itaangukia shimo gani, itakula au italala, na mtaji utabaki wapi. Kabla mkono haujashuka, akilini ameshazunguka. Kazi hiyo unaiweza, umeirithi. Ila bao linakupa kitu kinachokupotosha ukija kwenye Go: kwenye bao kete zinatembea, ukikosea leo kesho zinaweza kurudi kwako. Kwenye Go kete ikishawekwa haitoki mpaka iliwe. Kosa linabaki pale pale likikutazama mpaka mwisho wa mechi.

Wachezaji wa Go huita kazi hii kusoma. Wajapani wenyewe husema yomi, ambalo ni neno lile lile la kusoma kitabu. Na kusoma kunafundishika kwa njia moja tu ambayo nimeona ikifanya kazi kwa karibu kila mtu: mafumbo ya uhai na kifo, yanayoitwa tsumego, kila siku, mepesi. Nasisitiza mepesi. Vijana wengi wakiambiwa wafanye mafumbo wanakimbilia magumu ili wajisikie wakubwa. Kuna mkusanyiko uliotungwa Japani mwaka 1713 na mkuu wa nyumba ya Inoue kwa ajili ya wanafunzi wake wa juu kabisa; fumbo lake moja bado linachambuliwa na wataalamu wa leo wakisaidiwa na kompyuta. Hilo si lako. La kwako ni lile ambalo ukilitazama kwa nusu dakika unapata jibu, na kati ya kumi unapata nane au tisa. Ukipata matano, ngazi umeikosea, shuka.

Dakika 20 asubuhi kabla ya kazi, kila siku. Sheria ni mbili. Usibofye mpaka umeona mwisho wote kichwani, yako, yake, yako, yake, mpaka kundi limekufa au limeishi. Programu za simu zina ubaya huu, zinakuruhusu kubahatisha. Unabofya pale panapoonekana pazuri, ikikataa unabofya pengine. Hivyo ndivyo ulivyozoea kucheza mechi pia. Sheria ya pili: ukikosa, usisome jibu ukasema "aah, kumbe". Lifunge, uje nalo kesho. Fumbo lililokutesa siku tatu linakaa kichwani kuliko mia ulizotazama majibu.

Maumbo machache ujue bila kufikiri, kama unavyojua sita mara saba. Nafasi tatu mstari mmoja au zilizopinda: anayefika katikati kwanza ndiye mwenye kundi. Nafasi nne mstari mmoja: hai tayari, acha, nenda kwingine, akiingia moja ya zile mbili za kati wewe unachukua ya pili. Nafasi nne za mraba: zimekufa hata kama zamu ni yako, kwa sababu ukijaza moja umejitengenezea tatu zilizopinda naye anaingia katikati. Nne zenye umbo la T: kitovu ndicho kila kitu. Na kwenye mstari wa pili kutoka ukingoni, wahenga wa Go wana hesabu yao: kete sita zilizopangwa na kuzibwa ncha zote mbili hufa, nane huishi, saba hutegemea zamu ya nani. Kwenye pembe, nne hufa, sita huishi. Ukiyajua haya, kete ya 72 ingekuwa jambo la kupepesa jicho.

Nimeona pia mbio za pumzi kwenye pembe ya juu kushoto, kuanzia kete ya 128, na hapo umenisikitisha kidogo. Pumzi ni zile nafasi wazi zinazoligusa kundi. Zikiisha, kundi linaliwa. Wachina wenyewe huziita qi, neno lile lile la hewa na pumzi, kwa hiyo hatujatohoa vibaya. Kundi lako lilikuwa na pumzi nne, la Mweusi tano, na hayakuwa na pumzi ya pamoja. Zamu ilikuwa yako. Ukaanza kumbana: kete moja, ya pili, ya tatu, ya nne. Lakini wewe ulihitaji zamu tano na yeye nne tu. Hata ukianza wewe, ya nne yake inatangulia ya tano yako. Kuhesabu kulihitaji sekunde kumi. Badala yake ulitumia zamu nne za bure, na kwa kila moja ukajifungia mlango ambao ungekufaa baadaye kama kitisho wakati wa kupigania ko, yaani kete moja inayoliwa na kurudishiwa, ambayo huruhusiwi kuirudishia papo hapo mpaka ucheze kwanza kwingine.

Kanuni ya mbio hizi ni rahisi: pumzi zikiwa sawa, anayeanza anashinda, akizidiwa moja, hata akianza ameshindwa. Kinachowashangaza wengi ni jicho kubwa. Kundi lenye jicho la nafasi tatu ndani lina pumzi tatu humo. La nafasi nne, ungedhani ni nne, lakini ni tano. La tano ni nane. La sita ni kumi na mbili. Sababu ni kwamba adui anapojaza ndani karibu mpaka mwisho, wewe unazila kete zake na yeye inabidi aanze kujaza upya. Nilimwona mtu wa dan ya 1 akikata tamaa kwenye mbio ambazo alikuwa anaongoza kwa pumzi tatu, kwa kutojua hesabu hii. Iandike kwenye karatasi, uibandike karibu na kitanda: 3, 5, 8, 12.

Ngazi nayo. Kete ya 104 ulianza kumkimbiza kwa ngazi, atari (kutishia kula zamu inayofuata) baada ya atari kwa mshazari, huku kete yake nyeusi imekaa palepale kwenye njia, hatua sita mbele. Ngazi ikigonga kete ya anayekimbizwa imekatika, na wewe umebaki na ukuta wenye matundu ambayo kila moja ni atari mbili kwa mpigo. Ngazi ndiyo mazoezi mazuri kuliko yote ya kusoma mbali kwa sababu haina matawi, ni njia moja tu. Jizoeze kuifuata kwa macho kutoka pembe hadi pembe bila kugusa skrini.

Sasa kuhusu video na programu za kompyuta, kwa sababu nadhani ndizo zilizokuleta kwenye tatizo la kete ya 72 tangu mwanzo. Machi 2016, jijini Seoul, AlphaGo, programu ya kompyuta ya Google DeepMind, ilimfunga Lee Sedol, bingwa wa Korea Kusini, mechi nne kwa moja. Mechi ya pili, kete ya 37, mashine iliweka kwenye mstari wa tano mahali ambapo wachambuzi walidhani ni kosa. Mechi ya nne Lee akajibu kwa kete ya 78, kabari katikati ya ubao, na mashine ikayumba mpaka ikasalimu amri. Tangu hapo dunia nzima ya Go imebadili ufunguzi wake. Zamani mtu akiingia mapema kwenye nafasi ya tatu kwa tatu (mstari wa tatu kutoka kila ukingo), chini ya kete iliyo kwenye nyota ya pembe (nukta iliyochorwa ubaoni), mwalimu wake angemgombeza kwamba amempa mwenzake ukuta wa bure. Leo mabingwa wanaingia kabla mechi haijafika kete ya kumi.

Na wewe ukaingia, kete ya 10, pembe ya juu kulia. Si kosa. KataGo, programu ya bure iliyotolewa na David Wu mwaka 2019, itakuambia ni kete nzuri kabisa. Lakini bingwa anayeingia pale anajua kwamba amemwachia mwenzake ukuta unaotazama chini, na kwa mechi nzima iliyobaki atakuwa mwangalifu asisogeze kitu chake dhaifu karibu nao. Wewe ulichukua pembe, ukasahau ukuta. Kete 30 baadaye ukajenga kundi lako upande huo huo wa kulia, ukaanza kukimbia, na Mweusi akakusukuma taratibu kuelekea ukuta mliojenga wote wawili. Zile kete 14 zilianza kufa kwenye kete ya 44, si ya 72. Ile ya 72 ilikuwa nafasi yako ya mwisho tu ya kuziokoa.

Kwa hiyo kukopi ufunguzi wa mashine ni kukopi sentensi ya kwanza ya barua usiyojua imeandikwa kwa nani. Kuna msemo wa zamani wa wachezaji kwamba ukijifunza joseki unapoteza nguvu ya kete mbili, na nimeuona ukitimia mara nyingi, kwako pia. Joseki arobaini weka kabatini. Bakiza tatu nne ambazo unaweza kunieleza kila kete inafanya nini na mwenzako akikiuka utamwadhibu vipi.

Ufunguzi wenyewe kwa daraja lako ni suala la uchumi tu. Kuzungushia eneo la nafasi tisa, tatu kwa tatu, kwenye pembe kunahitaji kete sita, kwa sababu kingo mbili zinakufanyia kazi. Ubavuni kunahitaji tisa. Katikati kumi na mbili. Ndiyo maana pembe kwanza, halafu mbavu, katikati mwisho. Ukishika hilo, na ukikumbuka kutocheza karibu na ukuta wa mtu, ufunguzi hautakufungisha mechi yoyote kabla ya kyu ya 5. Sitaongeza zaidi hapo.

Idadi ya mechi. Mechi sita za dakika tano kila usiku ni kufanya mazoezi ya kukosea. Unaufundisha mkono kuwa mwepesi zaidi. Punguza. Mechi tatu kwa wiki, za dakika 20 au 30 kila mmoja na nyongeza za sekunde 30 tatu hivi muda ukiisha. Seva karibu zote zinaruhusu upange hivyo. Ukiwa na hamu ya kucheza haraka siku nyingine, cheza kwenye ubao mdogo wa tisa kwa tisa. Pale mapigano yanaanza kete ya tano na kila kosa linaonekana. Na tafuta wanaokuzidi. Mchezaji wa kyu ya 7 akupe kete nne za nyongeza. Usione aibu, ndivyo mchezo ulivyokusudiwa, mtoto na bingwa wanaweza kuketi pamoja na mechi ikawa ya kweli. Katika mechi za kete za nyongeza utaona mtu aliyekuzidi anakuachia vitu vidogo ambavyo wewe ungevipigania mpaka kufa. Hilo peke yake ni somo.

Maana una tamaa, tuseme wazi. Mara tatu kwenye mechi hii ulikuwa umeshatosheka, ukaenda kutafuta kuua. Kuna kanuni kumi za mchezo huu zinazohusishwa na Wang Jixin wa China, zama za Tang, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na ya kwanza kabisa ni kwamba mwenye pupa ya ushindi hashindi. Sisi tunasema tamaa mbele, mauti nyuma. Kete ya 90 ulikuwa na njia ya kumfukuza Mweusi huku ukijijengea eneo la chini. Ukitaka roho yake ukafungua mwanya, akatoka, akakata kundi lako jingine. Kumshambulia mtu faida yake ni ile unayoipata njiani wakati anakimbia. Akifa, hiyo ni bahati ya ziada.

Baada ya kila mechi ndefu, kaa nayo robo saa. Kwanza bila mashine. Tafuta sehemu tatu ambazo ulihisi vibaya au ulishangazwa na jibu la mwenzako. Kushangazwa ndiko muhimu zaidi, kwa sababu kunaonyesha pale ambapo hukusoma. Andika ulikuwa unafikiria nini, hata kama ni "nilikuwa na hasira". Halafu ndiyo ufungue KataGo. Kompyuta ya kawaida isiyo na kadi kubwa ya picha inaiendesha, polepole kidogo, na kwa kazi yetu inatosha kabisa. Usitazame ile asilimia ya ushindi. Inapanda na kushuka kama bei ya nyanya na itakuvunja moyo. Tazama pointi. Makosa ya pointi moja au mbili, hasa kwenye ufunguzi, yapite kama hujayaona. Tafuta matatu makubwa kuliko yote. Kwenye mechi yako ni hivi: kete ya 72, pointi kama 20, kete ya 104, ngazi, kete ya 90. Ukitazama vizuri, hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji ujuzi mpya.

Mashine ina upungufu mmoja kama mwalimu: inakuonyesha kete iliyo bora, haikuonyeshi kwa nini wewe hukuiona. Mara nyingine kete inayoipendekeza kwanza ina maana tu kwa anayeweza kusoma zamu 15 mbele. Ukiwa huielewi baada ya kubofya matawi mawili matatu, iache. Chukua ya pili au ya tatu kwenye orodha yake, ambayo imepungua nusu pointi na unaielewa.

Kuhusu kurudia mechi za mabingwa wa zamani ubaoni, fanya ukitaka raha. Mimi huzipenda za Shusaku, aliyefariki 1862 akiwa na miaka 33 tu, kwa sababu kete zake zinaeleweka, zinapumua. Lakini nisikudanganye kwamba zitakupandisha haraka kuliko mafumbo.

Utashuka kwanza. Wiki tatu nne za mwanzo, ukianza kujiuliza maswali yale mawili kila zamu, utachoka, muda utakuishia, na unaweza kuangukia kyu ya 13 tena. Usirudi kwenye mechi za dakika tano kwa hasira. Mimi mwenyewe nilishuka daraja mbili mwezi ule wa kiganja juu ya bakuli, na yule mzee aliniuliza tu kama nimekula.

Mechi ijayo uniletee kabla hujaipitisha kwenye KataGo. Weka alama sehemu tatu, na kwa kila moja uniandikie nafasi uliyodhani mwenzako atajibu. Hizo nafasi ndizo nitakazosoma kwanza, kabla sijaangalia nani alishinda.